BARIDI INASINGIZIWA

Mazungumzo ya mafundi wa mashine kwa wasaga nafaka, madereva wa trekta na wanakisomo wa mkoa wa Singida



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo moja tu. Kwa nini mashine ya dizeli inakataa kuwaka asubuhi wakati wa kipupwe, na tufanye nini?

Jambo hili tunalijua wote. Ikifika Juni sisi mafundi tunaanza kuitwa alfajiri. Zamani mwenye mashine alimtuma mtoto na baiskeli, siku hizi anapiga simu. Maneno ni yale yale: "Fundi njoo, mashine imegoma, baridi imeikamata." Tukifika tunakuta akina mama wamejikunja ndani ya kanga, madebe ya mtama na mahindi yamepangwa mstari, watoto wanalia njaa. Kijana wa mashine amezungusha hendeli mpaka mikono inatetemeka. Ikifika saa 4 jua likapanda, mashine inawaka. Basi kila mtu anasema, mmeona, ilikuwa baridi tu. Kesho yake ni yale yale.

Mtasema sasa kuna umeme. Ni kweli. Nguzo za REA zimefika vijiji karibu vyote, na wenye mashine wengi wamehamia kwenye mota. Lakini vitongoji vingi bado, na umeme nao hukatika. Tena trekta haliendeshwi kwa nguzo. Lori la kubeba magogo na mbao kutoka pori la Itigi ni dizeli. Katapila linalochonga barabara ni dizeli. Na msimu wa baridi ndio huo huo msimu wa mavuno, mtama uko juu ya dungu, alizeti inangoja kukamuliwa. Asubuhi moja ikipotea ni hasara.

Sisi tunasema baridi inasingiziwa. Tusikilizeni kwanza, halafu mtubishie.

BARIDI YETU NA BARIDI YA WENGINE

Mkoa wetu uko juu. Mji wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake hauna mzaha. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka mpaka nyuzi kumi na kitu. Kwetu hiyo ni baridi kali, tunaota moto na kuvaa makoti. Lakini kumbukeni kwamba maji huganda kuwa barafu kwenye nyuzi 0. Sisi bado tuko juu ya hapo.

Sasa twende Urusi, upande wa Siberia. Kuna mji unaitwa Yakutsk. Mwezi wa Januari baridi ya huko hushuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Na watu wa huko wana malori, wana makatapila, wanakata magogo. Tena wakata magogo wa Urusi, wa Finland na wa Kanada wanapenda kufanya kazi wakati wa baridi kali kuliko wakati wa joto. Kwa nini? Kwa sababu matope na vinamasi vinaganda vinakuwa vigumu kama saruji, na mashine nzito inapita bila kuzama. Sisi tunakwamishwa na masika, wao wanaokolewa na barafu.

Wanaziwashaje mashine hizo? Wengine hawazimi kabisa, mashine inaunguruma usiku kucha. Wengine wana kipasha joto cha umeme kinachofungwa kwenye injini, wanakichomeka jioni kama pasi. Wanatumia oili nyepesi. Wanauziwa dizeli ya msimu wa baridi, kwa maana dizeli ya kawaida ina nta ndani yake, na baridi ikipita kiasi nta hiyo inajitenga, inaziba chujio, mafuta hayapiti. Huo ndio ugomvi wa kweli na baridi.

Hapa Tanzania walio karibu na ugomvi huo ni ndugu zetu wa nyanda za juu kusini. Pale Mufindi kuna msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti ya kupandwa kuliko yote nchini, misindano na mikaratusi. Kijana wa kwetu aliyekwenda kufanya kazi ya mbao Mafinga atawaambieni: kuna asubuhi za Juni na Julai umande unaganda mabondeni juu ya majani, unakuwa mweupe kama chumvi. Trekta la kukokota magogo limelala nje usiku mzima. Lililo zima linawaka.

Basi kama chuma kinawaka Yakutsk, na kinawaka Mufindi, chuma chetu cha Singida kina udhuru gani?

PAMPU YA BAISKELI

Ili tuelewane lazima tujue dizeli inawakaje. Mashine ya petroli ina plagi, plagi inatoa cheche, cheche inawasha mafuta. Mashine ya dizeli haina cheche. Utafungua kila kitu hutaikuta. Sasa moto unatoka wapi?

Chukua pampu ya baiskeli. Pampu gurudumu kwa nguvu, halafu shika ile ncha ya chini. Ina joto, siyo? Hewa ikibanwa inapata moto. Ndani ya silinda ya dizeli, pistoni inapanda na kuibana hewa mpaka inabaki sehemu moja tu kati ya 16 mpaka 20 za wingi wake wa kwanza. Joto lake linapita nyuzi 500. Hapo hapo noseli inapuliza mafuta kama ukungu, yanawaka yenyewe. Mtaalamu Mjerumani aitwaye Rudolf Diesel ndiye aliyefanikiwa kuiendesha mashine ya namna hii mwaka 1897, na jina lake ndilo tunaloliita kila siku tunapokwenda kununua mafuta.

Kwa hiyo dizeli ni mwana wa joto. Baridi inafanya mambo matatu. Kwanza, chuma baridi kinaiibia ile hewa joto lake kabla mafuta hayajaingia. Pili, oili inakuwa nzito kama asali, mashine inazunguka kwa uvivu, na ikizunguka kwa uvivu hewa inapata nafasi ya kuponyoka. Tatu, kwa mashine yenye betri, betri inapungukiwa nguvu kidogo saa ile ile kazi inapoongezeka.

Haya ni kweli. Lakini kwa baridi ya kwetu, mashine yenye afya inayashinda yote matatu. Mtu mwenye mapafu mazima akipigwa na upepo wa Julai anajifunika shuka anakwenda shambani. Mwenye pumu ndiye anayelazwa. Upepo haukumpa pumu, umeionyesha tu. Mashine inayokataa asubuhi na kukubali saa 4 ina ugonjwa, na jua linaificha aibu yake kila siku mpaka siku itakayokufa kabisa mchana kweupe.

Ugonjwa gani? Mara nyingi ni ringi za pistoni zimekwisha, hewa inavuja. Au valvu hazikai vizuri. Au noseli imechoka, haipulizi ukungu, inadondosha matone kama paa bovu. Au mafuta yana maji. Au oili haikubadilishwa tangu mavuno ya mwaka jana.

USOME MOSHI

Ninyi mmejifunza kusoma. Basi mashine nayo inaandika, inaandika kwa moshi.

Zungusha mashine, mwenzio aangalie bomba la moshi. Ikiwa hakuna moshi kabisa, hata kidogo, mafuta hayafiki. Usijisumbue na baridi wala na hendeli. Tazama kama bomba la tangi limefunguliwa, kama tangi lina mafuta, kama chujio limeziba, kama kuna hewa ndani ya mipira. Mashine iliyoishiwa mafuta jana jioni huvuta hewa, na lazima hewa hiyo itolewe kwa kulegeza ile skrubu ya juu ya chujio mpaka povu liishe yatoke mafuta matupu. Tumeona watu wanazungusha saa nzima na bomba la tangi limefungwa.

Moshi ukiwa mweupe, mafuta yanafika lakini hayawaki, joto halitoshi. Hapa ndipo penye habari ya ringi na valvu. Mashine nzima asubuhi ya baridi nayo hutoa moshi mweupe kidogo, halafu inashika na moshi unaisha. Ukiendelea kutoka baada ya mashine kupata moto, mwite fundi.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi au hewa ni kidogo. Katika vinu vyetu chujio la hewa linajaa pumba na vumbi, na kwa upepo huu wa Singida linajaa upesi. Lisafishe. Moshi wa bluu, hiyo ni oili inaungua, ringi zinakuaga.

Kuna kipimo kimoja tunachokipenda sana kwa mashine ndogo za silinda moja. Mashine ikigoma, tia oili ya injini kiasi cha kizibo kimoja cha soda kwenye njia ya hewa, ukiwa umeinua kile kijiwiko cha kuachia pumzi. Zungusha mara chache taratibu, halafu iwashe. Oili hiyo inaziba mianya ya ringi kwa muda. Ikiwaka upesi, umepata jibu: ringi zimekwisha. Lakini tunasema kizibo kimoja. Ukimimina kikombe, oili haibanwi kama hewa, utapinda chuma ndani. Na hii siyo dawa ya kila asubuhi. Ni kama kumpima mgonjwa joto, kupima hakumponyi.

JIONI NDIPO ASUBUHI INAPOTENGENEZWA

Mchana wa kipupwe jua linawaka, usiku baridi. Tangi lililo nusu lina nafasi tupu, na ndani ya nafasi hiyo mna hewa yenye unyevu. Usiku bati la tangi likipoa, unyevu unageuka matone kama umande kwenye sufuria, unateremka chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini kabisa, pale pale mafuta yanapotoka. Asubuhi mashine inakunywa maji kwanza.

Dawa ni rahisi. Jaza tangi jioni, uache nafasi ndogo tu juu. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua ile skrubu ya chini ya chujio, utoe mafuta kidogo ndani ya kopo safi. Ukiona matone yanacheza chini kama zebaki, hayo ni maji. Endelea mpaka yatoke mafuta matupu. Mafuta ya pipa yachujwe kwa kitambaa safi, na pipa likishasimamishwa lisitikiswe siku ile ile ya kuchota.

Oili nayo mjue kuichagua. Kwenye kopo kuna namba. Ukiona 40 peke yake, ni oili nzito, nzuri kwa joto lakini asubuhi ya Julai ni ugali. Ukiona 15W-40, namba ya kwanza yenye herufi W inasema oili hiyo inavyokuwa ikiwa baridi, na kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo inavyobaki nyepesi alfajiri. Namba ya pili ni uzito wake ikishapata moto. Kitabu cha mashine yako kikikubali ya namna hii, nunua hii. Wala usinunue oili nyeusi ya kupima kwa chupa sokoni eti bei nafuu. Hujui imetoka kwenye tumbo la gari gani.

HENDELI IMEVUNJA MIKONO

Hapa tutakaa kidogo, maana mashine ikiharibika inatengenezwa, mkono ukivunjika ni habari nyingine.

Mashine zetu za kusaga ni za zamani za Uingereza aina ya Lister, ni za India zilizotengenezwa kwa mfano wa hizo, na siku hizi nyingi ni za China. Zote za hendeli zina tabia moja. Ukizungusha kwa uvivu, mafuta yanaweza kuwaka kabla pistoni haijafika juu. Basi pistoni inarudishwa chini kwa nguvu, na hendeli inarudi nyuma. Hapo ndipo mkono unapovunjika kwenye kiwiko au kwenye kifundo. Na baridi ndiyo inayomfanya mtu azungushe kwa uvivu, maana oili ni nzito na vidole vimekufa ganzi.

Kwa hiyo shika hivi. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kukumbatia hendeli. Hendeli ikirudi itateleza kutoka kiganjani, haitakukamata. Simama imara, sakafu iwe kavu, isiwe na oili wala punje za mahindi. Usiiname uso ukakaribia hendeli. Inua kile kijiwiko cha juu cha kuachia pumzi, zungusha mara nyingi mpaka gurudumu zito lipate mbio za kutosha, ndipo uangushe kijiwiko. Usiangushe mapema. Watu wengi wenye nguvu tumewaona wanashindwa, na kijana mwembamba anawasha, kwa sababu yeye anangoja mbio.

Mashine ikishika, hendeli inatakiwa itoke yenyewe. Kama shimo lake au ncha ya mhimili imelika na kufanya meno, hendeli inang'ang'ania, inazungushwa na mashine, halafu inaruka kama jiwe la teo. Watoto wasisimame upande ule. Ncha hiyo ipigwe tupa iwe laini, ipakwe grisi. Hendeli iliyopinda itupwe. Na shuka, mashine haizungushwi mtu akiwa amejifunga shuka au koti refu lenye ncha zinazoning'inia. Tunajua ni baridi. Vaa sweta, ndani ya suruali.

TREKTA NA BISIBISI

Wenye trekta, hii ni yenu. Betri ikichoka, au swichi ikiharibika, dereva anasimama chini kati ya gurudumu la nyuma na la mbele, anashtua stata kwa bisibisi. Trekta linawaka. Kama lilikuwa kwenye gia, linaondoka pale pale, na gurudumu la nyuma linapita juu yake. Hajapata hata nafasi ya kupiga kelele. Watengenezaji waliweka swichi inayozuia trekta kuwaka likiwa kwenye gia, lakini ile bisibisi inairuka swichi hiyo. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, hata zile zenye mafundi wengi kuliko sisi. Waliokufa wengi wao walikuwa na uzoefu, mgeni anaogopa. Wewe panda kwenye kiti, hakikisha gia iko huru, washa kwa ufunguo. Swichi mbovu itengenezwe.

Ukipiga stata, usishikilie zaidi ya sekunde 10. Iache ipumzike dakika 1 au 2, rudia. Ukishikilia mfululizo unaunguza stata na unaimaliza betri kwa pamoja. Vichwa vya betri visafishwe ule unga mweupe au wa kijani, maana waya uliolegea asubuhi unafanana kabisa na betri iliyokufa, na kuna mtu amenunua betri mpya kwa sababu ya karanga ya boliti. Usiiangalie betri kwa kibiriti au kibatari. Ikichajiwa inatoa hewa inayolipuka, na maji yake ni asidi, yanakula macho.

Zile trekta zenye plagi za kupasha joto, mpe nafasi yake. Washa ufunguo nusu, ngoja taa izime, au hesabu polepole mpaka 20, ndipo upige stata. Madereva wengi hawana subira hiyo, halafu wanalaumu Julai.

Kulala na trekta mteremkoni ili asubuhi lisukumwe, hatulipendi. Jiwe likitoka usiku, trekta linashuka kijijini peke yake.

DAWA ZA KIENYEJI ZA MASHINE

Wapo wanaowasha moto wa kuni chini ya injini. Walio na hoja wataseama hata Wazungu walifanya. Ni kweli, mwaka 1941 karibu na Moscow askari wa Ujerumani waliwasha moto chini ya magari yao, lakini wao walikuwa kwenye baridi ya barafu na vita juu yao. Wewe uko Singida, chini ya mashine pamemwagika dizeli ya miaka mitano, na paa ni la nyasi au mbao kavu. Kama unataka kuipasha, chemsha maji, yapooze mpaka yawe ya uvuguvugu, yatie kwenye rejeta au kwenye tangi la maji la injini. Usitie yanayochemka kwenye chuma baridi, kitapasuka kama glasi inavyopasuka kwa chai.

Wapo wanaotia petroli kwenye mdomo wa hewa, au kushikilia kitambaa chenye petroli. Petroli inawaka mapema mno, kabla ya wakati wake. Sauti yake utaisikia, ni kama nyundo. Pistoni inatoboka, fimbo yake inapinda, na moto unaweza kurudi usoni kwako. Kwenye injini yenye plagi za joto ni hatari zaidi.

Wapo wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa, eti isigande. Hapa Singida dizeli haigandi, tumekwisha kusema. Mafuta ya taa ni makavu, na pampu na noseli zinalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiikausha, pampu inakwisha, na pampu mpya mnajua bei yake. Mchanganyiko huo ulienea nchini mpaka mwaka 2010 EWURA ikaanza kutia alama kwenye mafuta ili kuwatambua wanaochanganya. Kwa hiyo nunua mahali unapopaamini, wala usijichanganyie ubaya kwa mkono wako mwenyewe.

Mzee mmoja alituuliza: alizeti tunayo, je, mashine haiwezi kunywa mafuta ya alizeti? Swali hili ni zuri kuliko anavyodhani. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris huko Ufaransa, mashine ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ni watazamaji wachache tu waliogundua. Kwa hiyo inawezekana kuwaka. Lakini mafuta ya alizeti ni mazito kuliko dizeli, na asubuhi ya baridi ni mazito zaidi, noseli inashindwa kuyafanya ukungu. Yanaacha utomvu unaogandisha ringi. Na debe la alizeti sokoni lina heshima yake. Tumjibu mzee kwamba auze alizeti, anunue dizeli, chenji itabaki.

MLANGO UFUNGULIWE

Akina mama wanaongoja kusaga, hili mlisikie. Asubuhi ya upepo watu wanaingia ndani ya nyumba ya mashine kwa ajili ya joto, wanafunga mlango, watoto mgongoni. Mashine inawashwa, bomba la moshi limetoboka au linaishia ndani. Moshi wa mashine una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi. Mtu anadhani ni njaa ya asubuhi. Akilala humo huenda asiamke. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kuliko hata hiyo mashine, na tumeyaona yamewekwa pembeni ya mtoto aliyelala. Tena mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Yule kijana anayesaga anauvuta kila siku.

Bomba litoke nje ya ukuta, lipande juu ya paa, na tundu lake lisielekee upande unaotoka upepo. Mlango na madirisha yafunguliwe. Wanaongoja wajengewe kibanda cha kukinga upepo nje, hata cha mabua. Mwenye mashine asiyeweza kujenga kibanda cha mabua ana haraka ya nini kununua kinu cha pili?

MASHINE IKISHAWAKA

Imewaka, foleni ni ndefu, kijana anamwaga mahindi hapo hapo. Hapana. Oili bado ni nzito na haijafika kila mahali, chuma kinasugua chuma. Iache izunguke bila mzigo dakika 3 mpaka 5, bila kuipigisha kelele. Gusa mwili wa silinda kwa juu, ukisikia uvuguvugu, anza kazi. Asubuhi za kipupwe ndizo zinazokula ringi, na ringi zilizoliwa Julai hii ndizo zitakazokunyima usingizi Julai ijayo.

Sasa tunamalizia na daftari. Hii ndiyo kazi ambayo fundi hawezi kuifanya kwa niaba yenu, na mtu asiyejua kusoma hawezi kuifanya kabisa. Nunua daftari moja la shule, lifunge kwa kamba ukutani mbali na mkanda wa mashine. Kila asubuhi andika tarehe, mara ngapi umezungusha mpaka ikawaka, na rangi ya moshi. Andika siku uliyobadilisha oili, na saa ngapi mashine imefanya kazi tangu hapo. Kwa mashine nyingi ndogo oili hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi, lakini kitabu chake kikisema vingine fuata kitabu.

Kurasa zenyewe ziwe fupi, kama hivi:

Juni 4. Mara 1. Moshi mweupe kidogo, ukaisha.
Juni 19. Mara 2. Nimetoa maji kwenye chujio.
Julai 2. Mara 4. Moshi mweupe. Baridi sana.
Julai 3. Mara 4. Baridi siyo sana.
Julai 11. Mara 6. Kizibo cha oili, ikawaka.

Daftari kama hili likiletwa kwetu tunajua la kubeba kabla hatujapanda pikipiki: ringi, na chombo cha kuzitolea. Mwite fundi Julai 3, usingoje tarehe 11. Siku ile baridi ilikuwa imepungua na mashine haikubadilika, na hapo ndipo ilipokwisha kusema ni ya nani.